Nani, wa Nani, Anataka Nini

Bi Muhuri hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wanajeshi mwaka wa kwanza wa vita, walipohamia katika jengo la posta na kumkuta yeye kwenye dirisha la stempu, ameketi, barua zimekatika miezi mitatu na yeye bado anakuja kazini. Kamanda alimwuliza anajua kazi gani. Akajibu kwamba anajua kugonga mihuri. Basi wakampa ya kwao, wakamwacha palepale dirishani. Wenzake vita viliwapora nyumba na waume. Yeye vilimbadilishia muhuri tu, na kwa siri, tena siri ya kuona haya, aliona vimemfanyia hisani.

Maana zamani watu walinunua stempu na kuondoka bila kumtazama usoni. Sasa halikuwepo gari lililovuka daraja bila kupita kwake. Matajiri wa nafaka, watu ambao hapo kabla hata salamu yake hawakuitikia, walikuwa wanamwulizia hali ya mama yake. Vibali alivipanga katika visanduku vilevile vya barua ukutani, kila kizuizi cha barabara na kisanduku chake, na ole wake koplo aliyechomeka karatasi mahali si pake.

Kamanda naye alikuwa na utaratibu wake. Mgeni hakuingia peke yake. Bi Muhuri alimtangulia, akasimama kulia kwa mlango, akamjulisha kwa mambo matatu: huyu ni nani, ni wa nani, anataka nini. La kwanza Kamanda alilisikiliza kwa sikio moja. La tatu alikuwa ameshalijua, kwani kila mtu alitaka kuvuka daraja. Lililomfanya ainue kichwa ni la pili. Tangu siku gari la wagonjwa lilipokutwa na risasi chini ya machela, na dereva wake hakuna aliyejua katoka kwa akina nani, Kamanda aliapa kutomwamini mtu yeyote kabla ya kujua ni wa nani. Kwa hiyo mihuri ilikuwa miwili. Mweusi maana yake kila ulichobeba kitashushwa darajani na kufunguliwa kimoja kimoja. Mwekundu maana yake pita. Huo mwekundu ulitolewa kwa jamaa wa watu wa ofisi tu, na jina la huyo wa ofisi liliandikwa chini yake. Jamaa akivuruga, aliyeandikwa ndiye anayejibu. Makarani wawili walikuwa wamekwisha kumwaga unga kwa sababu ya mashemeji zao.

Jina la Bi Muhuri halikuwahi kuandikwa chini ya mwekundu hata mara moja, na alijivunia hilo kupita kiasi.

Sasa, jambo la siku ile mama yake ndiye aliyelianzisha, kwenye chai ya asubuhi.

"Mdogo wako anakuja leo," alisema. "Ana chanjo za watoto za kupeleka ng'ambo ya mto. Nimemwambia asihangaike, dada yake yupo, atampeleka kwa mkubwa wake."

"Mama, ofisi ile si sebule yangu."

"Sijasema sebule. Mjulishe tu, mwanangu. Mtu akijulishwa na nduguye anasikilizwa." Kisha akaongeza kwa ile sauti laini aliyomwekea mtu mmoja tu duniani: "Amekonda, maskini. Usiku halali."

Bi Muhuri naye alikuwa halali, na alikuwa amekonda hata sketi yake inashikwa na pini kiunoni. Ila hilo halikuwa na wa kulisema. Alikunywa chai yake, akatoka.

Nisimwonee Kitinda. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa wa mwisho, miaka kumi na mmoja baada ya dada yake, na walimwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima na vyeti vyake. Bi Muhuri ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfunza kufunga kamba za viatu, ndiye aliyeacha masomo ya ualimu ili karo ya uuguzi ipatikane. Hakuna aliyemlazimisha. Alijitolea mwenyewe, na tangu siku hiyo alikuwa anangoja mtu akumbuke.

Tena kulikuwa na yule mwalimu wa hesabu. Mwaka mmoja alikuja nyumbani, suruali imepigwa pasi, kumtazama Bi Muhuri. Kitinda, msichana wa miaka kumi na sita, akaingia na sinia ya soda, akasema neno moja la utani juu ya viatu vya mgeni. Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakumtaka Kitinda, alikuwa mtu na akili zake. Lakini baada ya kicheko kile, mazungumzo yake na Bi Muhuri yakawa yamepoa kama chai iliyosahauliwa, na hakurudi tena. Kitinda hakuiba kitu. Hapo ndipo palipouma, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kwa kosa la kupendwa.

Na ofisini mle Bi Muhuri alikuwa na kitu kimoja chake. Miezi minane iliyopita, Kamanda akitafuta waraka fulani na kuupata mkononi mwake kabla hajamaliza kuutaja, alisema: "Bila wewe, Bi Muhuri, ofisi hii ingekuwa soko." Basi. Sisemi kwamba Bi Muhuri alimpenda. Nasema tu kwamba sentensi hiyo ilimlisha miezi minane, na alijua vijiko vya sukari vya Kamanda kuliko alivyojua vyake mwenyewe.

Kitinda alifika saa nne. Bi Muhuri alimsikia kabla ya kumwona, maana koplo wa mlangoni, mtu aliyenuna tangu vita vianze, alikuwa anacheka. Kisha akaingia, buti zina tope, koti la shirika la misaada nalo lina tope na limechanika mfuko, akazunguka kaunta na kumkumbatia dada yake mbele ya watu wote.

"Dada! Umekuwa mkubwa wa nchi, jamani. Nimeulizwa maswali huko nje, nikadhani naingia peponi."

"Shikamoo kwanza," alisema Bi Muhuri.

"Shikamoo, dada yangu."

"Marahaba." Akajitazama. Blauzi yake nyeupe ilikuwa na alama ya tope begani.

Kitinda akaeleza kwa haraka. Surua imeingia kambini ng'ambo ya mto, inamaliza watoto. Lori lipo nje kivulini na masanduku matatu ya baridi yaliyojaa chanjo. Barafu itashika hadi kesho mchana, si zaidi. Daraja hufungwa saa kumi na moja jioni. Wakivuka leo, wako salama. Wakishushwa na kupekuliwa, itakuwa kesho.

"Na chanjo hii haitaki jua, dada. Ukitoa chupa juani, umeua dawa. Ndiyo maana nataka ule mwekundu wenu."

"Mwekundu si wangu," alisema Bi Muhuri. "Njoo."

Mpaka wanafika mlangoni alikuwa amekusudia kusema yote matatu. Hilo nampa. Aligonga, akaingia, akasimama kulia, Kitinda akamfuata. Na Kamanda, mtu ambaye hakumwinukia waziri wala askofu, alimwona yule mwanamke na tope lake, akaweka kalamu chini, akainuka.

Bi Muhuri akaitazama kalamu ile iliyowekwa chini.

"Huyu ni muuguzi, Afande," alisema. Sauti ilitoka kavu na safi. "Ni wa shirika la misaada. Anataka kuvusha masanduku matatu ya chanjo."

Na akaishia hapo. Alihisi Kitinda akimgeukia. Hakumtazama.

"Keti, Sista," alisema Kamanda. Akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Umetoka kambi ya kule bondeni? Nasikia mvua imewafanyia kazi."

"Mvua imetutendea haki, Afande. Wagonjwa wanaoga bila kuchota maji."

Kamanda akacheka. Lilikuwa cheko zima, la tumboni, na Bi Muhuri, miaka miwili mle ndani, alikuwa hajui kama cheko hilo lipo. Akaanza kumwuliza Kitinda habari, na Kitinda akajibu moja moja, mara utani, mara neno zito la mtoto fulani aliyemfia mikononi, na Kamanda akainamisha kichwa. Kisha bila kugeuka:

"Bi Muhuri, tuletee chai. Sista amesafiri."

Akaenda jikoni, chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magunia ya barua. Akachemsha maji. Roho ilikuwa inamuuma waziwazi, kama jino. Aliona gere kwa kile kiti kilichovutwa, kwa lile cheko, hata kwa lile tope, kwamba mtu aweze kuingia na tope na bado apendeze. Yeye alikuwa anafua blauzi ile kila jioni ili iwe nyeupe asubuhi, na nani amewahi kuiona? Akatia vijiko viwili na nusu katika kikombe cha Kamanda. Katika cha mdogo wake hakutia sukari, kisha akaona haya, akatia kimoja.

Aliporudi na sinia, Kamanda alikuwa na kibali mbele yake.

"Sista, nikuulize. Huna mtu wako hapa ofisini? Ndugu, mkwe, yeyote? Ukiwa na mtu nakupa mwekundu sasa hivi. Bila mtu mikono yangu imefungwa, utaratibu ni wangu mwenyewe."

Kitinda alimtazama dada yake. Bi Muhuri alikuwa anatazama sinia. Palikuwa na nafasi hapo, kubwa ya kutosha, ya kusema maneno mawili. Kijiba cha roho kikamwambia: mwache, kwa mara moja tu katika maisha yake, apate kile anachopata kila mtu.

"Sina, Afande," alisema Kitinda polepole.

"Basi mweusi. Samahani sana. Bi Muhuri."

Bi Muhuri akaugonga. Akaupuliza wino ukauke, kama alivyozoea.

Alimsindikiza mdogo wake hadi barabarani kwa sababu koplo alikuwa anatazama. Dereva wa lori alikuwa ameshawasha moto. Kitinda akasimama na kibali mkononi.

"Nimeelewa, dada," alisema. "Usijisikie vibaya. Jina lako likiandikwa na likatokea lolote huko, unamwaga unga, na mama yuko kwako. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile." Akamfuta lile tope la begani kwa kiganja, likaenea zaidi. "Pole, nimekuharibia blauzi."

Akapanda lori. Bi Muhuri alibaki pale akilitazama hadi lilipokata kona ya soko. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Jioni mama aliuliza kama amemjulisha.

"Nimemjulisha."

"Na mkubwa wako alimpenda?"

"Alimpenda, mama. Kuna asiyempenda?"

Mama akafurahi, akamsogezea kipande kikubwa cha mkate.

Asubuhi iliyofuata Bi Muhuri aliwahi dirishani kabla ya koplo. Redio ya jeshi ilikuwa hatua mbili kutoka kitini pake, na kila siku saa tatu asubuhi luteni wa darajani alisoma orodha yake kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Lori la unga, linapekuliwa. Lori la mbao, limepita. Lori la misaada, masanduku matatu. Sanduku la kwanza limefunguliwa, chupa zimetolewa nje, zinahesabiwa.

Nje, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya soko.

Alikaa na maneno hayo kwa muda wa kugonga vibali vinne. Cha tano alikigonga kichwa chini miguu juu, jambo ambalo halijamtokea tangu ujana. Akakitazama. Kisha akachukua mihuri yote miwili na karatasi moja tupu, akaenda kugonga mlango wa Kamanda.

Akaingia, akasimama kulia, mahali pake pa siku zote. Kamanda akachungulia nyuma yake kumtafuta mgeni.

"Nani?"

"Ni mimi, Afande." Akataja jina lake lote, lake na la baba yake, na akaona usoni kwa Kamanda kwamba ndiyo kwanza analisikia. "Mimi ni dada wa yule muuguzi wa jana. Baba mmoja, mama mmoja. Nataka mwekundu wa lori lake, na jina langu chini."

Kamanda akaonyesha kwa kidole mahali aliposimama.

"Jana ulisimama hapohapo."

"Nilisimama."

"Nikamwuliza kama ana mtu. Akasema hana."

"Alikuwa ananisitiri, Afande. Uongo ni wangu."

"Uliogopa?"

Lilikuwa jibu zuri lile, limeletwa mpaka mlangoni, na lingempa heshima. Bi Muhuri aliliacha.

"Ulimwinukia," alisema. "Nikaona gere."

Kamanda akakosa pa kutazama. Akavuta karatasi, akaandika, akainua mkono kuomba muhuri. Aligonga mwenyewe, vibaya, upande mmoja wino umekolea. Bi Muhuri aliandika jina lake chini kwa herufi za kusomeka.

"Dereva wangu yuko nje, atakupeleka darajani," alisema Kamanda. "Na hiyo mihuri iache mezani, yote miwili. Mtu anayenificha wa nani hawezi kunishikia muhuri. Kazi nyingine itatafutwa, hata stoo."

"Ndiyo, Afande."

Akaiacha mezani. Ilikuwa myepesi kuliko alivyodhani siku zote.

Darajani alikuta chupa zimepangwa juu ya bati, safu kwa safu, na askari mmoja akizihesabu kwa ncha ya kalamu. Kitinda alikuwa amepiga magoti, amelitandaza koti lake hewani kwa mikono miwili ili kutengeneza kivuli. Halikutosha hata robo. Inaonekana alikuwa hivyo tangu sanduku lilipofunguliwa.

Luteni alisoma karatasi, akapiga saluti, akaamuru wafunge. Masanduku mawili yalikuwa hayajaguswa. Yakarudishwa kwenye lori mbiombio, na askari walewale waliokuwa wakipekua wakawa wanamwambia Kitinda pole, Sista, na kumletea maji. Na Bi Muhuri, pamoja na aibu yote aliyokuja nayo, aliona maji yale yakipelekwa kwa mdogo wake na kuna kitu kikamchoma, kidogo, palepale pa siku zote.

Kitinda alisoma kibali. Alipofika chini akasimama.

"Umeandika jina lako."

"Nimeandika."

"Jana nilidhani unaogopa. Nimekutetea njia nzima, dada. Dereva anasema dada gani huyo, mimi namwambia hujui, ana mama wa kulisha." Akamtazama usoni. "Hukuogopa?"

"Sikuogopa."

"Ilikuwa nini basi?"

"Wivu."

Kitinda akangoja, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Haukuja.

"Tangu lini?"

"Tangu hujajua kutembea."

Mdogo wake aliinama akaanza kurudisha zile chupa za juani ndani ya sanduku, moja moja, kwa uangalifu uleule kana kwamba bado zina kazi. Bi Muhuri akapiga magoti kumsaidia, na Kitinda hakumzuia. Walipomaliza alifunga kifuniko.

"Hizi zilikuwa za watoto mia nne," alisema. "Hazifai tena. Ila hatuzitupi mtoni, zinarudishwa ghala letu la mjini, zinaandikiwa sababu." Akalisukuma sanduku mpaka likagusa magoti ya dada yake. "Rudi nazo wewe."

Akapanda lori. Kizuizi kikainuliwa. Lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani, na kwa sekunde moja Bi Muhuri alidhani atasema neno la kuchekesha, kwani ndivyo alivyokuwa.

"Msalimie mama," alisema Kitinda.

Njia ya kurudi Bi Muhuri alilipakata sanduku, ingawa nyuma palikuwa na nafasi. Barafu ilikuwa imeyeyuka, maji yanapenya kwenye maungio na kumlowesha sketi. Dereva wa Kamanda, kijana mwenye adabu, akapunguza mwendo kila penye shimo.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini askari mgeni aliwasimamisha. Hakumjua. Akainama dirishani, akagonga kifuniko kwa kidole.

"Hili sanduku la nani?"

"La shirika la misa..." alianza dereva.

"Langu," alisema Bi Muhuri.